Kibaba cha Mfuto

Barua ya kumfungia dada yake kibanda iliandikwa kwa maneno ya Profesa mwenyewe. Aliyatambua kabla hajafika nusu ya ukurasa, kama mtu anavyolitambua shati lake mwilini mwa mwizi. "Kipimo kisicho sawa, kiwe kimezidi au kimepungua, ni mlango wa hila." Alikuwa ameyaandika miaka thelathini na minane iliyopita, kwenye meza ya kuazima yenye mguu mfupi uliotiwa kigae chini. Sasa yalikuwa yamemrudia na muhuri wa Mamlaka ya Masoko, nambari ya shauri, na siku ya kusikilizwa: Alhamisi, saa nne asubuhi.

Dada yake alisimama mlangoni akingoja amalize kusoma. Alikataa kiti. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mfupi, mwenye viganja vipana kuliko umbo lake, viganja vilivyoshinda ndani ya magunia ya maharage tangu alipokuwa msichana.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, dada."

"Wanasemaje? Mimi miwani nimeisahau kibandani."

Miwani ilikuwa inaning'inia shingoni mwake. Profesa akaiona, akaelewa kwamba anataka kuyasikia kwa kinywa cha mwenye maneno.

"Wanasema umeonekana mara tatu ukiwaongezea wateja. Wanataka kukunyang'anya kibanda."

"Kuongeza? Si kupunguza?"

"Kuongeza."

"Kwa hiyo ningeiba ningekuwa salama."

"Ungeiba pia wangekushitaki. Sheria inakataza vyote viwili."

"Na ni mwerevu gani aliyeandika vyote viwili?"

Profesa akaikunja barua kwa uangalifu mkubwa, mara mbili, kisha mara ya tatu, mpaka ikakataa kukunjika.

"Basi Alhamisi uje useme," dada akaendelea. "Neno moja tu. Sema tele si wizi. Wewe wanakusikiliza. Hata kijiti chao wamekipa jina lako."

Hapo hakudanganya. Kila mwuza nafaka katika soko lile alikuwa amepewa kijiti bapa cha mbao, kirefu kama mkono hadi kiwiko, kilichopigwa chapa ya moto, cha kupitisha juu ya kibaba ili isibaki hata punje juu ya ukingo. Katika karatasi za Mamlaka kiliitwa kisawazishi cha vipimo. Sokoni kiliitwa profesa. "Mpitishe profesa tuondoke." "Profesa wangu amevunjika kiuno, niazime wako." "Usinipitishie profesa mara mbili, mama, mara moja tu ananitosha!" Na mwenyewe alipopita kati ya vibanda na mfuko wake wa kitambaa, wauzaji walimwamkia kwa heshima zote, kisha wakageukia magunia yao mabega yakiwatikisika.

Waliozaliwa juzi hawajui tele ni nini, kwa hiyo lazima ielezwe, na kule kuieleza tu ni aibu. Kibaba ni bati la kupimia nafaka. Ukikijaza na kukikata sawa na ukingo, hicho ni kibaba cha mfuto. Ukikijaza na kuendelea kumimina mpaka nafaka yenyewe ikatae, mpaka punje zianze kuporomoka pembeni, hicho ni kibaba cha tele. Baina ya mfuto na tele kulikuwa na mkono wa mwuzaji, na soko zima liliishi hapo. Bei ilitangazwa asubuhi na haikuguswa mpaka jioni, tena ilikuwa moja kwa vibanda vyote, na mtu mwenye adabu zake hakuomba apunguziwe bei. Watu walibishania kilima.

"Niongeze, mama."

"Nimekuongeza jana."

"Jana sikuwa na wageni."

"Wageni wenyewe nimewaona. Wamekonda, hawali."

Wakacheka, kilima kikapanda. Mwenye hoteli alipewa kilima mfano wa upara. Mama wa watoto saba alipewa kilima cha kuzingirwa kwa mikono miwili njia nzima mpaka kwenye kikapu. Mwuzaji mchoyo alikimbiwa pasipo mtu kutamka lolote kuhusu bei. Asubuhi moja aliamka akakuta mbele ya kibanda chake wamesimama kuku tu. Yale ndiyo yaliyokuwa mashindano. Hakuna aliyeyaita hivyo, kwa kuwa hakuna aliyehitaji kuyaita chochote.

Mama yao aliuza maharage kibanda cha tatu kutoka langoni. Miguu yake ilipoanza kuvimba, ilibidi mmoja kati ya watoto wawili aache shule. Hapakuitwa kikao. Binti alivua sare siku ya Ijumaa, akaifua, akaikunja, na Jumatatu alikuwa nyuma ya gunia. Mdogo wake aliendelea na masomo. Kila mwisho wa mwezi alikuja na mfuko kuchukua maharage ya bweni, na dada yake akampimia kilima kirefu kiasi kwamba wenzake kwenye foleni walipiga miluzi.

"Hicho ni kibaba au ni kichuguu?"

"Ni mdogo wangu," alikuwa akijibu. "Anakula na vitabu vyake."

Desturi hiyo haikukatika. Kijana akaenda chuo kikuu, akaenda ng'ambo, akarudi, akaoa, akawa Profesa, akafiwa na mke. Kila mwisho wa mwezi alikwenda na mfuko. Alilipa kama mteja yeyote, maana dada hakukubali jambo lingine, na alipewa kilima ambacho hakupewa mteja yeyote.

Sasa, mtu wa namna hiyo aliwezaje kukosea alivyokosea?

Aliporudi na shahada zake, akiwa na miaka ishirini na minane, watu walikuwa wananung'unikia bei za nafaka. Wizara ikamtuma sokoni kuchunguza. Alipewa fomu zilizokwisha kuchapwa, zenye safu nne: kibanda, aina ya nafaka, idadi ya vibaba, bei. Safu ya tano haikuwepo. Alisimama sokoni miezi sita, kalamu mkononi, na vilima vya maharage vikimpita mbele ya macho kutwa. Mara mbili alikiangusha kilima cha mtu kwa kiwiko akitafuta pa kuegemeza fomu. Akaomba radhi, akaandika: kibanda namba kumi na tisa, maharage, kibaba kimoja, bei ile ile.

Jibu likatoka safi. Vibanda thelathini na sita, miezi sita, na kila siku bei moja kila mahali. Katika vitabu alivyosoma, wauzaji thelathini na sita wenye bei moja pasipo sheria ya kuwalazimisha walikuwa na maana moja tu: wamekula njama. Akaandika kitabu cha kurasa tisini na mbili, jalada la kijani. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa kila kipimo kikatwe sawa, ili bei ibaki peke yake uwanjani na ilazimike kushindana. Na ile sentensi, ambayo baadaye ilikaririwa na wanafunzi kama dua, mwanzoni aliiandika hivi: "Kipimo kilichopungua ni mlango wa hila." Akaisoma kwa sauti. Akaiona inachechemea. Ndipo akaongeza "kiwe kimezidi au kimepungua", akaisoma tena, ikatembea vizuri. Aliyaongeza kwa ajili ya sauti yake tu.

Kwa miaka mingi alijiambia kwamba fomu ndiyo iliyomkosesha. Lakini fomu haikuzaliwa kibandani, yeye alizaliwa. Ukweli ulikuwa mdogo na mchafu zaidi: alikuwa ameona haya. Alikuwa amekwisha kukata shauri kwamba lile lililofanywa na mkono wa mama yake halikuwa elimu. Alisomeshwa na kile kilima kuanzia kiatu hadi kofia, na alipofika juu akadhani amesimama juu ya vitabu.

Kitabu kilikwenda mbali. Mawaziri walikinukuu. Masoko ya nchi hii yakafuata, na ya jirani, na ya watu ambao lugha zao hakuzijua. Alialikwa kuhutubia katika kumbi baridi kama chumba cha barafu, akapigiwa makofi na watu ambao hawakuwahi kununua maharage kwa mkono wao. Chuo kikafungua idara ya udhibiti wa masoko, jina lake likachongwa mlangoni. Na sokoni, kilima kilipofutwa, ilibaki bei tu ya kushindania, na bei ni kitu chepesi kuafikiana. Wafanyabiashara watatu wakubwa, wenye leseni mpya, walikutana juu ya chai asubuhi moja wakamaliza kila kitu kabla chai haijapoa. Njama ambayo haikuwepo ikazaliwa na dawa yake. Vibanda thelathini na sita vikawa ishirini, vikawa tisa. Profesa aliziona takwimu zikiingia mwaka baada ya mwaka, akazitafutia maelezo, akayaweka chini ya ukurasa kwa herufi ndogo.

Kimoja kati ya vile tisa kilikuwa cha dada yake. Yeye alitii sheria kwa namna yake. Alijaza kibaba, akampitisha profesa, akamimina mfukoni mwa mteja; kisha, kabla mfuko haujafungwa, mkono wake ulirudi guniani kana kwamba umesahau kitu, ukadondosha konzi moja ya maharage, au mbili, au tatu.

"Kibaba wamekifuta," alikuwa akisema. "Mkono bado."

Siku Profesa alipofahamu alichokifanya ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Mkewe alikuwa amekufa miezi miwili nyuma, nyumba ilikuwa inamtisha, akaenda kukaa kwenye kigoda nyuma ya gunia la dada yake. Akaja fundi cherehani, mwanamke mwenye sindano zimechomekwa kwenye kola. Hakuomba kitu. Alisema tu, "Leo mashine imelala," na dada akadondosha konzi tatu. Akaja bwana mmoja na funguo za gari zikicheza kidoleni. Bei ile ile, kibaba kile kile, hakuna konzi. Wote wawili walishukuru, wote wawili wakaenda zao wameridhika.

"Dada, unajuaje?"

"Najuaje nini?"

"Nani umpe ngapi."

Dada akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Ulisimama hapa miezi sita na kalamu, baba. Ulikuwa unaandika nini?"

Wiki ile ile akaandika kurasa kumi na nne alizoziita "Kuhusu Tele", akasema ndani yake kwamba alikosea na jinsi alivyokosea. Akazitia kwenye droo. Alijiambia anangoja takwimu. Lakini takwimu zingetoka wapi? Ili athibitishe kazi ya tele ilimpasa kuipima, na ili aipime ilimpasa kuikuta sokoni, na sokoni haikuwepo kwa sababu yeye ndiye aliyeiondoa. Kila alipouvuta mlango alikuta jina lake limechongwa upande wa pili. Kurasa zikakaa miaka kumi na moja. Zikageuka rangi ya chai.

Alhamisi alizitia katika bahasha, akavaa suti ya kuhutubia, akaenda.

Chumba cha shauri kilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la Mamlaka, juu kidogo ya soko, lakini madirisha yake yalikuwa yamepigiliwa wavu na vioo vya rangi, kwa hiyo soko halikusikika. Meza ndefu, viti vya plastiki, feni iliyogonga kitu kila ilipozunguka. Ukutani, ndani ya sanduku la kioo, kilining'inizwa kijiti cha kwanza kabisa, na chini yake picha ya Profesa kijana mwenye nywele. Mezani viliwekwa vielelezo: gunia la dada, kibaba chake, na profesa wake wa mbao, vyote vimefungwa vikaratasi vya nambari.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti alisimama mara alipomwona, akazunguka meza kuja kumshika mkono. Profesa alimfundisha miaka minne. Alikuwa mwanafunzi mzuri, mwenye huruma, aina ya mtu anayesikitika kwa dhati wakati akifanya analolifanya.

"Shikamoo, mwalimu. Njoo ukae huku kwetu."

"Marahaba. Leo nakaa upande ule."

"Mwalimu," Mwenyekiti akashusha sauti, "kifungu cha tisa. Ndugu wa mshitakiwa hatoi ushahidi. Ni chako."

"Najua ni changu. Sitasema kama ndugu. Nitasema kama mwenye kitabu."

Mwenyekiti akawatazama wenzake. Mwanamama wa kulia, mwenye kikokotoo mezani, akainua mabega; mjumbe wa tatu akafanya vivyo hivyo. Wakamruhusu.

Mkaguzi ndiye aliyeanza. Alikuwa kijana mnyoofu, na unyoofu wake ulimharibia kazi. Shitaka la kwanza na la pili aliambiwa na mwenye kibanda cha jirani, naye jirani leo hakutokea. La tatu aliliona mwenyewe, lakini kwa nyuma.

"Uliona nini hasa?" Mwenyekiti akauliza.

"Niliona mkono ukienda guniani, mheshimiwa."

"Na ulipotoka ulikuwa na kitu?"

"Siwezi kuapa. Mama ana mgongo mpana."

"Mgongo umeshitakiwa pia?" dada akauliza kutoka kiti chake, na karani aliyekuwa akipiga taipu akajikohoza ili asicheke.

Ikafika zamu ya Profesa. Akazisoma kurasa zote kumi na nne. Alizisoma vizuri, maana sauti haikuwa imezeeka sawa na magoti. Wakamsikiliza kwa adabu, vichwa vimeinamishwa, kama wanavyosikilizwa wazee msibani. Alipomaliza, mwanamama wa kikokotoo akauliza kwa upole:

"Takwimu ziko ukurasa gani?"

"Hazipo."

"Tele ngapi zilipimwa?"

"Hakuna iliyopimwa. Fomu haikuwa na safu yake."

"Na fomu uliikubali."

"Niliikubali."

"Mwalimu," Mwenyekiti akasema akitabasamu, "wewe ndiye uliyenikata alama ishirini kwa kudai jambo nisilolipima. Mpaka leo mke wangu hunitania." Wakacheka kidogo wote, hata Mkaguzi. Kisha Mwenyekiti akaweka kalamu chini, akasema polepole, neno moja baada ya jingine, macho yake yakimtazama mwalimu wake moja kwa moja: "Kwa hiyo tele hatujaiona. Shahidi mmoja hakuja, mwingine hawezi kuapa. Hakuna macho yaliyoiona tele. Haipo mbele yetu. Nadhani kamati inaweza kufikia hapo, ikatoa onyo, tukaenda zetu."

Mlango ulikuwa umefunguliwa, na aliyeufungua alikuwa ameushikilia kwa mguu. Dada aliuona. Alikuwa amekwisha kuvuta mkoba wake. Lakini Profesa alisikia sentensi moja tu, ile ya kwamba tele haipo, na damu ikampanda kichwani, kwa sababu hilo ndilo jambo alilolisema yeye miaka thelathini na minane iliyopita na ndilo lililomla. Hakuja kusikia likirudiwa na mwanafunzi wake.

"Haipo?" akasema. "Dada, waonyeshe."

Feni ikagonga.

"Una hakika, mdogo wangu?"

"Waonyeshe tu. Gunia hilo hapo."

"Mwalimu, si lazima," Mwenyekiti akawahi kusema.

"Ni lazima! Mtu asipoona atahukumu nini?"

Dada akamtazama mdogo wake kwa muda. Haikujulikana alichokiona usoni mwake. Huenda aliona mtoto aliyepata jibu darasani akinyoosha kidole. Akaweka mkoba chini. Akakunja mikono ya gauni, akabandua kikaratasi cha nambari kwenye kibaba, akaingiza viganja guniani.

"Wewe, Mwenyekiti, una gari na una tumbo," akasema, na akampimia kilima kidogo kama kifungo. "Mama, wewe una wangapi nyumbani?"

"Watatu," mwanamama wa kikokotoo akajibu bila kutaka.

"Na mama mkwe?"

"Umejuaje?"

"Unavyokaa," dada akasema, na kilima kikapanda vidole vitatu. Akamgeukia Mkaguzi. "Wewe ulisema kweli juu ya mgongo wangu. Mtu mkweli hashibi kazini kwake." Akamwongeza. Mwisho akamfikia karani, aliyekuwa ameacha kupiga taipu. "Huyu hajala tangu jana. Tazameni anavyoyatazama maharage mabichi." Akamimina, akamimina, akakizungushia viganja, mpaka kilima kikasimama chembamba na kirefu juu ya bati, kikitetemeka, na punje moja moja zikianza kushuka na kudunda mezani.

Profesa alikuwa amesimama. Macho yalikuwa yamemjaa maji. Hakuwahi, kwenye ukumbi wowote wa ng'ambo, kuona jambo la elimu likithibitishwa wazi namna ile.

"Mmeona?" akasema. "Mmeona sasa?"

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa tai yake, akairudisha.

"Tumeona, mwalimu," akasema. "Wote. Hapo ndipo ulipotufikisha."

"Niandike?" karani akauliza kwa sauti ndogo, mkono wake ukiwa umeuficha uso, maana kilima kilikuwa bado kimesimama mbele yake.

"Andika."

Kibanda kilifutwa. Dada alipewa siku kumi na nne za kumaliza shehena iliyobaki, kwa kipimo cha mfuto, mbele ya Mkaguzi. Mwanamama wa kikokotoo, ambaye hakuwa mtu mbaya, alipendekeza zile kurasa kumi na nne zisipotee bure: ziambatishwe kwenye jalada, kisha zinakiliwe na kugawiwa kwa wakaguzi wote, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kueleza vizuri hivyo jinsi kosa la tele linavyotendeka. Wakakubaliana. Mwenyekiti aliuliza kama Profesa angependa jina lake litokee kwenye jalada la nje.

Walishuka ngazi pamoja, dada akitangulia, mkono ukutani. Chini kabisa, soko liliposikika tena, akasimama.

"Nilikuomba neno moja," akasema. "Ukaleta kurasa kumi na nne."

"Dada, nilitaka waelewe."

"Walikuwa wananiachia, baba. Hukuona? Hata yule kijana wa mgongo aliona."

Alitafuta la kumjibu kwa siku kumi na tatu, nyumbani, kati ya rafu zilizojaa kitabu kimoja kwa lugha sita. Alimwandikia Mwenyekiti barua tatu. Zote zilijibiwa haraka, kwa heshima, na kila jibu lilinukuu ukurasa na mstari wa kitabu cha kijani. Akaacha kuandika, maana alianza kuhisi anaandikiana na nafsi yake mwenyewe, na nafsi ile ilikuwa kijana, na haikuwa na shaka.

Siku ya kumi na nne ikaangukia mwisho wa mwezi. Akachukua mfuko wake wa kitambaa.

Foleni ilikuwa ndefu. Watu walikuja kama wanaokuja kuaga. Fundi cherehani alikuwepo. Yule wa funguo za gari alikuwepo pia, na hakuzichezesha. Pembeni ya gunia, kwenye kigoda kile kile cha Profesa, aliketi Mkaguzi, magoti pamoja, akitazama chini, na mapajani mwake kulikuwa na karatasi mpya za mafunzo. Profesa alizitambua herufi kwa mbali. Maharage yalikuwa yamebaki chini kabisa ya gunia, na dada aliinama mpaka kiunoni kuyafikia. Kila mteja alipata mfuto. Hapakuwa na utani wala kelele. Kilichosikika ni kijiti kikikwaruza ukingo wa bati, na punje zilizozidi zikirudi guniani.

Zamu yake ikafika. Akafungua mfuko, akaushika kwa mikono miwili kama alivyokuwa akiushika akiwa na sare.

Dada akajaza kibaba. Kilima kikainuka chenyewe, kama kilivyozoea. Akachukua profesa, akampitisha polepole kutoka ukingo hadi ukingo, akamimina. Kisha mkono wake ukarudi guniani, kana kwamba umesahau kitu. Ukatoka umefumba. Ukasimama hewani juu ya mfuko.

Mkaguzi aligeuza uso upande wa pili, kabisa, akatazama ukuta.

Dada akamtazama Mkaguzi, akaitazama ile foleni nzima iliyopewa mfuto, kisha akamtazama mdogo wake. Hakuwa na hasira. Vidole havikufunguka. Akaurudisha mkono guniani, akazisikiliza punje zikianguka chini, akakung'uta kiganja kwenye gauni.

"Anayefuata," akasema.